Damu Iliyotangulia Safari: Siku Tisa kutoka Tanga hadi Kyamulibwa

Siku ya kwanza, Jumatatu: Tanga hadi Kilifi

Nimeondoka Tanga saa kumi na mbili asubuhi kwa basi la Mombasa, nikiwa na begi moja, daftari jipya na karatasi ya majibu ya mama yangu iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Mimi ni mteknolojia wa maabara, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikipima damu za watu, nikiandika tarakimu na kuzikabidhi kwa daktari, bila kujiuliza sana ni damu za akina nani zilizotumika kuamua kwamba tarakimu fulani ni afya na nyingine ni ugonjwa.

Mwaka juzi mama alianza kulalamika uchovu na ganzi ya miguu. Katika hospitali moja alipimwa HbA1c, kipimo ambacho wagonjwa wetu hukiita sukari ya miezi mitatu, na majibu yakaja asilimia 6.3. Mpaka uliokubaliwa wa kusema mtu ana kisukari ni 6.5, kwa hiyo aliambiwa apunguze wali na arudi nyumbani. Baada ya mwaka mmoja na nusu alijikwaa, kidonda cha dole gumba kikakataa kupona, na sukari yake ya kufunga ilipopimwa ilikuwa 14, juu mno.

Kipimo cha HbA1c hakiangalii sukari inayoelea kwenye damu, bali sukari iliyoganda kwenye hemoglobini ndani ya chembe nyekundu, na chembe nyekundu kwa kawaida huishi takriban siku 120. Chochote kinachobadilisha hemoglobini au kufupisha maisha ya chembe hiyo kinaweza kuipotosha tarakimu. Mama ni mbebaji wa jeni ya selimundu, jambo tunalolijua kwa sababu mdogo wangu alizaliwa na ugonjwa wenyewe. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya Wamarekani weusi 4,620, yakionyesha kwamba kwa kiwango kilekile cha sukari, wabebaji wa selimundu husomeka takriban 0.3 chini ya wasiobeba. Mwaka huohuo ikaonekana kwamba upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, ambao nao ni wa kawaida kwetu pwani, huishusha tarakimu hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi. Siwezi kudai kwamba 0.3 peke yake ndiyo iliyomponza mama yangu. Ninachojua ni kwamba 6.3 ukiiongezea 0.3 unapata 6.6, na kwamba hesabu hiyo ndogo haikunipa usingizi kwa majuma mengi.

Nimechukua likizo ili nipite, kwa macho yangu, katika sehemu ambazo damu za watu wa Afrika Mashariki ziliingia katika utafiti mkubwa wa jenetiki. Tumevuka mpaka Horohoro, tumepanda kivuko cha Likoni saa sita mchana, na jioni nimefika Kilifi kwa matatu.

Siku ya pili, Jumanne: Kilifi

Mwenzangu tuliyesoma naye chuo amenichukua asubuhi hadi kijiji kimoja nje ya mji, ambako wawakilishi wa wanajamii walikuwa na kikao chini ya mkorosho. Taasisi ya utafiti ya KEMRI-Wellcome iko hapa tangu 1989, na kwa miaka mingi imekuwa na utaratibu wa wanavijiji kuchagua watu wao wa kusikiliza, kuuliza na kupeleka malalamiko. Niliketi kwenye mkeka na akina mama. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, nilipomwamkia na kumweleza nilikotoka, alinijibu kwa swali: "Marahaba, mwanangu. Na huko Tanga, mumiani wameisha?"

Hakuna aliyecheka, nami sikucheka. Habari za mumiani, wanaonyonya damu ya watu na kwenda kuiuza, nimezisikia tangu utotoni kwa bibi yangu, na kila mtu anayefanya kazi ya damu katika pwani hii amewahi kukutana nazo. Wengine huziita ujinga. Kwa upande wangu naziona kuwa swali la haki lililovaa nguo za hadithi: damu yangu inakwenda wapi, nani ananufaika nayo, na kwa nini aliyeichukua hakurudi? Mtu asiyejibiwa swali hilo ana kila sababu ya kukataa sindano.

Kilifi, hata hivyo, ina jibu moja linalostahili kusimuliwa. Kuna aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo kwingineko duniani ni nadra sana, lakini hapa takriban mtu mmoja kati ya kumi anayo walau nakala moja ya jeni yake. Mwaka 2017, watafiti waliolinganisha jenomu, yaani seti nzima ya vinasaba, za watoto wa Afrika waliougua malaria kali na za wasiougua waligundua kwamba Dantu inakinga. Eneo hilo la jenomu lina jeni zinazofanana mno, zilizorudufiwa na kuchanganyika, na lisingefumbuliwa kama jenomu za Waafrika zaidi zisingesomwa upya kwa ajili hiyo, kwa sababu kumbukumbu zilizokuwapo zilikuwa na watu wetu wachache mno. Mwaka 2020 kikundi kilichoongozwa na mwanasayansi Mkenya, Silvia Kariuki, kilionyesha namna kinga hiyo inavyofanya kazi: utando wa chembe nyekundu yenye Dantu umekaza zaidi, na kimelea cha malaria kinashindwa kuupenya. Mwenye nakala mbili ana kinga inayofikia asilimia 74 dhidi ya malaria kali.

Nilimweleza mzee hayo kwa kutumia ngoma iliyokuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa jirani. Nilimwambia kwamba ngozi iliyolegea unaweza kuibonyeza kwa kidole ikaingia ndani, lakini iliyowambwa vizuri inakirudisha kidole. Alinyanyuka, akaibonyeza ngoma yenyewe, akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza kama wajukuu wake wamepimwa, na kama wanayo hiyo damu iliyowambwa, kwa nini yeye haambiwi. Mwakilishi wa kijiji aliliandika swali hilo kwenye kitabu chake, nami nikaliandika kwenye changu.

Siku ya tatu, Jumatano: Treni ya Nairobi

Nimerudi Mombasa alfajiri na kupanda treni ya SGR kutoka Miritini. Saa tano za safari nimezitumia kunakili takwimu nilizokuja nazo.

Mwaka 2009, asilimia 96 ya watu walioshiriki katika tafiti za kulinganisha jenomu nzima na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 81, na mwaka 2018 asilimia 78, huku wa asili ya Afrika wakiwa karibu asilimia 2. Mtu anaweza kusema kwamba tunasonga mbele, lakini sehemu kubwa ya nafuu ya miaka ile ya kwanza ilitokana na watu wa Asia. Hazina ya sampuli za damu ya Uingereza iitwayo UK Biobank, yenye watu nusu milioni, ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya alama zinazotabiri nani yuko hatarini kupata kisukari au ugonjwa wa moyo, na uchambuzi uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba alama za namna hiyo zinapotumiwa kwa watu wa asili ya Afrika, usahihi wake hushuka mara nne na nusu hivi. Chombo kinachouzwa kama mwanga wa tiba ya kesho, kwa mama yangu ni taa isiyo na mafuta.

Hasara si yetu peke yetu. Dawa mpya kali za kushusha lehemu, zilizoidhinishwa 2015, zilipata msukumo mkubwa kutokana na ugunduzi uliofanywa Dallas, Marekani, mwaka 2005 na 2006, ambako Jonathan Cohen na Helen Hobbs waliona kwamba takriban asilimia 2 ya Wamarekani weusi wana mabadiliko yanayoizima jeni ya PCSK9, kwamba lehemu yao mbaya iko chini sana, na kwamba ni nadra kupatwa na ugonjwa wa moyo. Kwa wazungu mabadiliko hayo hayapatikani kwa urahisi. Kama wale watu wasingeshirikishwa, wagonjwa wa moyo wa Ulaya nao wangesubiri zaidi.

Siku ya nne, Alhamisi: Nairobi

Nimezunguka mtaa wa Viwandani pamoja na kijana anayefanya kazi ya kukusanya takwimu nyumba kwa nyumba. Viwandani na Korogocho ni kituo cha Kenya katika mradi wa AWI-Gen, uliowapima watu wazima wapatao 12,000 katika vituo sita vya nchi nne za Afrika, chini ya H3Africa, mpango wa utafiti wa jenomu za Waafrika uliofadhiliwa na Marekani na Uingereza kati ya 2012 na 2022. Kijana ameniambia kwamba kazi ngumu si sindano, bali ni kumpata mtu yuleyule baada ya miaka mitano, kwa kuwa wapangaji wanahama kila kodi inapopanda.

Jioni nimesoma tena habari za Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1949 alianza kukusanya damu katika nchi hii na kuona kwamba jeni ya selimundu imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni chache nyanda za juu kusiko na malaria. Ili kuthibitisha, aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume Wajaluo 30, nusu wenye jeni hiyo na nusu wasio nayo. Katika kundi la kwanza vimelea vilionekana kwa watu 2, katika la pili kwa 14. Makala yake ya 1954 ni msingi wa mengi tunayoyajua, na mdogo wangu anaeleweka na madaktari kwa sababu yake. Hata hivyo ninaamini kwamba wale watu 30 walistahili kukumbukwa kwa jina katika historia ya elimu hiyo, na ninasikitika kwamba tunayemkumbuka ni mmoja tu aliyeshika sindano.

Siku ya tano, Ijumaa: Nairobi hadi Webuye

Siku nzima barabarani. Kituoni Nakuru abiria wa pembeni yangu, mama wa Kikalenjini, alinipa kikombe cha mursik, maziwa yao ya kuchachusha, kutoka kwenye kibuyu chake, na tulipokuwa tukinywa nilikumbuka kwamba hata maziwa yana sehemu katika jambo hili. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walipata badiliko la jeni linalomwezesha mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa, na kwa muda likachukuliwa kuwa ndilo jibu. Lakini wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hawakuwa nalo, ingawa wanaishi kwa maziwa. Ilibidi Sarah Tishkoff na wenzake wa Afrika wawapime watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, kwa kuwanywesha maji ya laktosi na kupima sukari ya damu kila baada ya muda, ndipo mwaka 2007 wakaonyesha kwamba kwetu kazi hiyo inafanywa na mabadiliko mengine kabisa, yaliyozuka peke yake. Kipimo cha Finland kingemwambia mama yule kwamba maziwa hayamfai.

Siku ya sita, Jumamosi: Webuye

Huu ndio mji niliokuwa nikiusoma kwa herufi tatu. Katika mradi wa kimataifa wa jenomu 1,000, ambao matokeo yake ya mwisho ya mwaka 2015 yana watu 2,504 wa jamii 26, kuna safu iliyoandikwa LWK, maana yake Waluhya wa Webuye, Kenya. Ni watu 99. Katika toleo hilo la mwisho, hao 99 ndio Afrika Mashariki yote. Mtafiti yeyote duniani anayetaka kujua kama badiliko fulani lipo kwetu hufungua jedwali, na anapotazama Mashariki ya Afrika anaitazama Webuye.

Nilifikia kwa mwalimu mstaafu, rafiki wa familia, na baada ya chai ya maziwa nilimfungulia jedwali hilo kwenye kompyuta. Alivaa miwani, akasogea karibu na kioo, akasoma polepole, kisha akaniuliza: "Mluhya yupi?" Nilisita. Akaendelea kunieleza kwa subira ya mtu aliyefundisha miaka thelathini kwamba hapa Webuye ni kwa Babukusu na Batachoni, kwamba Maragoli wana lugha yao, Banyala yao, Batiriki desturi zao, na kwamba jina la Waluhya kama jina la wote lilishika nguvu wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1930 na 1940. Wapo zaidi ya makundi kumi na sita chini ya jina hilo moja. "Basi hapa wamemwandika mtu gani?" aliuliza tena, kidole chake kikiwa bado kwenye herufi L.

Nilimweleza kwamba sampuli zile zilitolewa kwa ridhaa na bila majina, na kwamba hazikuambatanishwa na taarifa za ugonjwa, ili mtu asije akatambuliwa. Chembe za damu zilikuzwa katika maabara kuwa mbegu hai zisizokoma, na zinahifadhiwa katika taasisi ya Coriell, mjini Camden, New Jersey, ambako maabara za dunia huagiza. Nilipofika hapo alivua miwani. Hakukasirika. Alisema kwamba katika mji huu huenda amezikwa mtu ambaye chembe zake bado zinagawanyika Marekani, na kwamba kwa desturi za kwao mwili wa marehemu una wenyewe wa kuulizwa. Nimekuwa nikiishika damu tangu nilipohitimu, lakini sikuwahi kuitafakari kwa namna hiyo. Usiri ule ulikusudiwa kuwalinda watoaji, na ninaamini uliwalinda. Umefanya pia kwamba hakuna awezaye kurudi Webuye, akabisha hodi mlango fulani na kusema: damu yako imetufundisha jambo hili.

Nchini kwetu tunayo Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na sampuli haivuki mpaka bila kibali na mkataba. Sheria ni mwanzo mzuri. Lakini swali la mwalimu halijibiwi na muhuri.

Siku ya saba, Jumapili: Webuye hadi Kampala

Tumevuka Malaba asubuhi, tukapita Tororo na kuingia Busoga, nchi ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua zaidi ya watu 250,000 kandokando ya ziwa. Nilikuwa nikiwaza juu ya jeni ya APOL1. Mwaka 2010 ilijulikana kwamba aina zake mbili, ambazo zinamsaidia mtu kupambana na kimelea cha malale cha mashariki, zinamwongezea hatari kubwa ya figo kushindwa kazi akirithi nakala mbili. Zimejaa Afrika Magharibi na kwa Wamarekani weusi, na huku kwetu mashariki ni chache zaidi. Kwa hiyo anayedhani kwamba ameshaishirikisha Afrika kwa sababu ana Wayoruba wa Ibadan katika orodha yake, bado hajatushirikisha sisi. Mwaka 2020 jenomu za watu 426 tu, wa makundi 50 ya bara hili, zilifichua mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Siku ya nane, Jumatatu: Kyamulibwa

Nimetoka Kampala kwa teksi ya Masaka, nimevuka mstari wa Ikweta, na kwa bodaboda nimeingia vijiji vya migomba na kahawa katika wilaya ya Kalungu. Hapa mwaka 1989 watafiti wa Uganda na Uingereza walianza kufuatilia vijiji 15, baadaye 25, vyenye watu wapatao 22,000, ili kuelewa ukimwi ulivyokuwa ukisambaa. Miaka ilipopita walianza kupima pia presha, sukari na lehemu, na mwaka 2019 yakachapishwa matokeo ya jenomu za watu wapatao 6,400 wa hapa, wakiwamo 1,978 ambao jenomu zao zilisomwa zote. Wengi ni Baganda, lakini wamo Wanyarwanda, Warundi na wengineo waliohamia.

Jambo nililolifuata ni moja. Katika damu za watu hawa iligunduliwa kwamba upungufu mmoja wa jeni, aina ya talasemia ya alfa, yaani hitilafu ya kurithi ya hemoglobini, ambao umeenea Afrika kwa kuwa unawapunguzia watu makali ya malaria, unahusiana na kiwango cha HbA1c kupitia chembe nyekundu zenyewe. Katika watu wa Ulaya upungufu huo ni nadra, kwa hiyo hata wangepimwa milioni nyingine usingeonekana. Kipimo kilichomrudisha mama yangu nyumbani kilipata maelezo yake mengine hapa, katikati ya migomba.

Nilipelekwa kwa bibi mmoja mwenye umri wa miaka sabini na kitu, aliyeishi Bukoba ujanani na ambaye Kiswahili chake bado kimenyooka. Nilimwamkia shikamoo, akafurahi, akaniita mwanangu na kunikalisha. Ameshiriki tangu mwanzo. Alinikunjulia mkono wa kushoto, akanionyesha kwenye kiwiko, juu ya mshipa, alama ndogo ngumu kama punje ya mtama. "Hapa wanapajua," alisema. Alieleza kwamba miaka ile ya kwanza watu walikuwa wakizika kila juma, ugonjwa wakiuita silimu, na walipokuja vijana wa kuhesabu nyumba yeye aliwaruhusu kwa sababu moja: walirudi. Walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena, wakijua jina la mwanawe aliyekufa. Ndiyo maana hakuacha.

Nilimsimulia habari ya mama, 6.3 na kidonda, kisha nikamweleza yaliyoonekana katika damu za vijiji hivi. Alisikiliza huku akimenya matoke, na alipomaliza aliuliza kama mama yangu ameambiwa hayo. Nikamjibu kwamba bado. "Mpigie," alisema, "kabla hujala."

Nilipiga nikiwa pale pale kwenye mkeka. Mama alisikiliza hadi mwisho, akataka kuongea na bibi, na nikawaachia simu wakazungumza robo saa, zaidi juu ya miguu.

Siku ya tisa, Jumanne: Njia ya Mutukula

Nimerudi kwa njia ya Mutukula na Bukoba, na ninaandika haya nikisubiri basi. Nimepanga kwamba nikifika kazini nitamwomba daktari wetu mkuu ruhusa ya kuongeza mstari mmoja chini ya kila jibu la HbA1c linalotoka maabara yetu, usemao kwamba majibu haya yasomwe pamoja na sukari ya kufunga, na kwamba mgonjwa aulizwe kama kwao kuna selimundu. Maneno nimeshayaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya swali la mzee wa Kilifi na la mwalimu wa Webuye.